Kabla ya Kumwita Mtu Mvivu: Mhadhara kwa Wasimamizi, Nakuru

Mabibi na mabwana, wasimamizi wa mashamba na viwanda mliofika hapa Nakuru, hamjambo.

Kazi ya mtu ikizorota, wepesi wetu ni kumwita mvivu. Naomba kwanza tuulize maswali matatu, kwa mpangilio huu: anajua? anaweza? anataka? Asiyejua muonyeshe kazi, kisha aifanye yeye ukimtazama. Asiyeweza huenda ana mkasi butu, au ana mgonjwa nyumbani. Hapo mwenye kazi ya kufanya ni wewe. La tatu liulize mwisho.

Kwenye kutaka, wengi hukimbilia pesa. Mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, alichapisha mwaka 1959 utafiti juu ya wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa Pittsburgh. Aliona kwamba yanayomuudhi mtu kazini na yanayompa ari ni mafungu mawili tofauti. Mshahara na tabia ya mkubwa vikiharibika, watu hununa. Vikirekebishwa, manung'uniko hupungua, lakini ari hutoka kwingine: kufanikisha kazi, kutambuliwa, kukabidhiwa wajibu. Sisemi mshahara ni jambo dogo. Ukiuchelewesha, sifa zako zote hazitasikika.

Malipo ya kipimo nayo yana mtego. Mchunaji chai wa Kericho akilipwa kwa kilo tu, kikapu kisikaguliwe, mkono utashuka chini ya majani mawili na chipukizi, sehemu changa inayotakiwa, maana jani lililokomaa lina uzito. Msimlaumu, mmempa kipimo, naye amekifuata. Pimeni kilo pamoja na ubora, na ayaone matokeo siku hiyo hiyo pale mizani.

Sasa mazungumzo yenyewe, ambako ndiko tunakoharibu zaidi. Dakika kumi zatosha, faraghani, kabla jambo halijapoa, kamwe si mbele ya wenzake. Anza na ulichokiona: "Jumatatu na Jumanne ulifika saa mbili kasorobo, na zamu inaanza saa moja." Ukisema "wewe huchelewa kila siku", atabishia hiyo "kila siku", na kuchelewa kwenyewe kutasahaulika. Kisha uliza, "Kumetokea nini?" Unyamaze. Kunyamaza huku kunawashinda wengi: humjibia, naye hukubali ili atoke. Mwache aseme mwenyewe atafanya nini na lini. Andika, na siku hiyo ikifika umrudie. Usiporudi, ahadi ya pili hataichukulia kwa uzito.

Mambo yakifikia kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinataka umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyemchagua, na uwasikilize kabla ya kuamua. Katika mashamba yetu Mluo, Mluhya, Mkalenjin na Mkisii hufanya kazi mstari mmoja. Lugha msiikisie, muulizeni mwenyewe anataka ipi, na mkalimani awepo kikao kinapoanza.