Jinsi ya kuandaa na kutuma picha za shindano la klabu ya kamera

Habari zenu wadau wa picha, karibuni sana. Leo tunaandaa picha za shindano la klabu, zile za kurushwa kwa projekta sio za kuprinti, na nitakwenda polepole kabisa kwa sababu hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibikia, mtu kaamka usiku wa manane kwenda kusubiri jua, kapata picha ya maana, halafu inamfikia jaji ikiwa imepauka, au haifiki kabisa kwa kuwa imekataliwa mlangoni. Inauma sana hiyo.

Kabla hujagusa chochote, fungua sheria za shindano lako uzisome zote, hata kama mwaka jana ulishiriki. Mimi kwenye video hii natumia vipimo vya PAGB, lile shirikisho la klabu za Uingereza, maana klabu nyingi za kule zinafuata hivyo: upana usizidi pikseli 1600, kimo kisizidi pikseli 1200, faili iwe JPEG, rangi ziwe za sRGB, huo ni mfumo wa rangi nitakaoueleza mbele kidogo. Kama klabu yako ya Nairobi au Dar ina namba zingine weka hizo, hatua ni zilezile.

Haya, tuanze. Mimi natumia GIMP, programu ya kuhariri picha kwenye kompyuta, kwa sababu ni ya bure na kila mtu anaweza kuishusha. Nimefungua picha yangu hii hapa, ngalawa pale Nungwi jioni. Cha kwanza kabisa natengeneza kopi, na kazi yote tunaifanya kwenye kopi. Kamera ya megapikseli 24 inakupa pikseli milioni 24, tukimaliza hapa hata milioni 2 hazitafika, na ukishaseivu juu ya orijino ndio basi tena, huzirudishi.

Sasa vuta picha mpaka asilimia 100 uitembelee yote, kona kwa kona. Angalia hapa angani, mnaona haka kadoa? Hilo ni vumbi la kwenye sensa, kwenye simu hulioni ila kwenye skrini kubwa ya ukumbini jaji atalianza hilo kabla hata hajaitazama ngalawa, kwa hiyo lifute. Cheki na upeo wa bahari, umelala sawa au unamwagika upande mmoja? Kingo nazo, mara nyingi kuna tawi au mkono wa mtu umechungulia, kata.

Twende kwenye rangi, na hapa naomba tuelewane vizuri. sRGB ni mfumo wa rangi uliotengenezwa na HP na Microsoft mwaka 1996, na karibu kila skrini na projekta inauelewa. Sasa kuna watu wameiseti kamera iwe Adobe RGB, mfumo mwingine wa rangi, kwa sababu wamesikia ina rangi nyingi zaidi, ni kweli inazo, lakini ukiipeleka picha hiyo kwenye programu isiyosoma profaili, ile lebo ndani ya faili inayosema rangi ni za mfumo gani, zile namba zinasomwa kana kwamba ni sRGB na rangi zinafifia, nyekundu inachoka, majani yanakuwa kama yana kiu, ngozi za watu zinakuwa na kijivu. Halafu jaji anasema picha haina uhai, kumbe uhai ulikuwepo. Kwa hiyo nenda menyu ya Image, shuka Color Management, halafu chagua Convert to Color Profile, weka sRGB ya GIMP yenyewe. Ni Convert, sio Assign, msichanganye hapo, Assign inabadilisha lebo tu na namba zinabaki vilevile, Convert ndio inahesabu upya rangi ili picha ibaki kama ulivyoiona. Wenye iPhone na nyinyi mnahusika, simu hiyo kwa kawaida inaseivu kwa mfumo mwingine wa rangi, P3, na faili za aina ya HEIC badala ya JPEG, pitieni hatua hii hii.

Saizi sasa. Image, halafu Scale Image. Hakikisha hiki kimnyororo cha pembeni ya upana na kimo kimefungwa, kikiwa wazi picha itavutika na watu watakuwa wanene ghafla. Picha ya kulala ya kamera ya kawaida, ile ya 3 kwa 2, unaandika upana 1600 na kimo chenyewe kinakuja 1067, safi. Ya simu ya 4 kwa 3 inaingia sawasawa kabisa, 1600 kwa 1200. Tatizo ni picha za kusimama. Huu hapa mlango wa Stone Town nimeupiga wima, ukiandika upana 1600 kimo kinaruka mpaka 2400 na hiyo haipokelewi. Kwa picha ya wima anza na kimo, 1200, upana unakuja 800. Ndio, itaonekana ndogo kuliko ya kulala na kila mwenye picha ya wima yuko hivyohivyo, usiizungushe ilale ili uibe nafasi. Pale palipoandikwa 300 au 72 kwa inchi paacheni, hiyo ni habari ya kuprinti, kwa projekta haina kazi.

Ukishapunguza, picha inalegea kidogo, inoe kidogo tu kwa Unsharp Mask, kile kichujio cha kunoa picha. Ukiona mstari mweupe unazunguka vitu umeshazidisha, rudi nyuma. Picha yako kama ina giza pembeni unaweza kuwekea fremu nyembamba ya kijivu ili isipotee kwenye weusi wa skrini, ila fremu nayo inahesabiwa ndani ya zile 1600 kwa 1200.

Kuseivu: File, Export As, jina liishie na .jpg, kwoliti iweke 90 na kitu. Kama klabu ina kikomo cha ukubwa wa faili, tiki hapa kwenye preview uone uzito, ukizidi shusha kwoliti kidogo kidogo.

Jina la faili fuata wanavyotaka, na ndani ya picha usiandike jina lako wala wotamaki, ile alama ya mwenye picha, majaji hawatakiwi kujua ni ya nani. Kichwa cha picha kinasomwa kwa sauti ukumbini, kwa hiyo tafadhali isiwe IMG na manamba, weka kitu kifupi cha picha yenyewe.

Halafu kategoria. Hapa watu wanapoteza picha nzuri sana. Nature, yaani picha za asili na wanyamapori, kwa maana ya PSA ya Marekani, FIAP ya kimataifa na RPS ya Uingereza, vyama vya wapiga picha, hairuhusu kuongeza, kuhamisha wala kufuta kitu, kukata kingo na kufuta lile vumbi la sensa ruksa. Wanyama wa kufugwa hawaingii. Una pundamilia wa Ngorongoro lakini nyuma yao kuna ng'ombe wa Wamaasai? Ni picha nzuri kweli, ipeleke kategoria ya wazi. Tembo mwenye kola ya watafiti shingoni huyo anakubalika. Na anga la kubandika au kitu cha AI sahau kabisa. Black and white nayo iwe rangi moja picha nzima, ukiacha ua jekundu katikati sio monokromu tena.

Kutuma: kama ni kwenye tovuti pakia halafu ifungue tena hukohuko uiangalie, rangi ziko sawa? Haijalala ubavu? Kama mratibu anapokea kwa WhatsApp itume kama dokyumenti, ukiituma kama picha inabanwa na kazi yote tuliyofanya hapa inapotea. Na usisubiri saa ya mwisho, ukituma siku mbili tatu kabla mratibu akiona kasoro anapata muda wa kukwambia urekebishe. Mwenye swali la Lightroom, ile programu ya picha ya Adobe, aandike hapo chini, menyu zake ni tofauti kidogo, nitawaonyesha video inayofuata.