Namna ya kusoma utabiri wa mafuriko Iowa, hatua kwa hatua

Karibuni, watazamaji. Kama unaishi Cedar Rapids, Iowa City au mji wowote wa jimbo la Iowa, Marekani, uliopitiwa na mto, leo tunafungua pamoja tovuti ya IFIS, yaani mfumo wa taarifa za mafuriko, ya kituo cha mafuriko cha Chuo Kikuu cha Iowa. Kituo kilianzishwa 2009, mwaka mmoja baada ya Mto Cedar kufika futi 31.12 pale Cedar Rapids, wakati rekodi ya zamani ilikuwa futi 20. Huduma ni ya bure. Tunatafuta namba moja tu: kimo cha mto ambacho kikifika, maji yako mlangoni kwako.

Hatua ya kwanza. Fungua ifis.iowafloodcenter.org, kwa kompyuta ukiweza, maana kwenye simu ramani inabana. Tafuta mji wako, kisha bonyeza alama ya kipimo, yaani kifaa cha kupimia kimo cha mto, kilicho karibu nawe, kwenye mto uleule unaokutisha. Kipimo cha mto mwingine hakikusaidii hata kikiwa jirani.

Vipimo vingi vya kituo hiki vimefungwa kwenye madaraja. Havigusi maji: hupiga mawimbi ya sauti kwenda chini, hupima yamechukua muda gani kurudi, kisha hutuma jibu kila dakika 15, kwa umeme wa sola. Grafu ikiruka futi tatu ghafla halafu ikarudi palepale, huenda ni tawi la mti au barafu iliyopita chini yake. Ikiruka na kubaki juu, hasa kwenye kijito, iamini.

Hapa ndipo wengi hukosea: futi 12 si kina cha maji. Ni kimo cha maji kutoka sifuri ya kipimo hicho, na kila kipimo kina sifuri yake. Kwa hiyo usilinganishe namba ya Cedar Rapids na ya Iowa City. Na ukiona namba ya mamia, hicho ni kimo kutoka usawa wa bahari.

Hatua ya pili, ramani ya mafuriko ya mji wako. Ikuze mpaka uone paa la nyumba. Pandisha kimo cha mto nusu futi, tazama. Nusu futi nyingine, tazama tena. Rangi ya bluu ikigusa ukuta wako, simama uandike namba hiyo. Rudia kwa barabara unayotokea, maana mara nyingi barabara hufungwa kabla nyumba haijaguswa. Wenye besimenti, chumba cha chini ya ardhi, msingoje namba hiyo. Maji ya ardhini na ya bomba la majitaka yanaweza kuingia mapema zaidi, na ramani haiyaonyeshi.

Hatua ya tatu, kasi. Tuseme saa nane mchana mto uko futi 9.0, saa kumi uko 9.8. Unapanda futi 0.4 kwa saa. Pale Cedar Rapids mafuriko huhesabiwa kuanzia futi 12, na makubwa kuanzia 16. Kufika 12 zimebaki futi 2.2, yaani mwendo wa saa tano na nusu: saa tatu na nusu usiku. Hesabu hii ni ya haraka tu, kwani mto haupandi kwa mstari ulionyooka. Angalia na vipimo vya huko mto unakotokea, Vinton na Waterloo. Kama huko bado unapanda, kwako haujafika kilele.

Viongozi wa mji na kaunti, tengenezeni jedwali kabla ya mvua: kila barabara ya chini, kila pampu, na namba yake. Fungeni barabara kabla namba haijatimia, mchana ikiwezekana. Futi moja ya maji yanayokwenda kasi hubeba gari dogo. Utabiri wa IFIS ni wa kuwaongezea picha. Onyo rasmi hutolewa na Idara ya Hali ya Hewa ya Taifa, na hilo ndilo la kutangazia watu.

La mwisho ni bima. Ile ya mpango wa taifa wa mafuriko kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuinunua, hivyo kuikimbilia grafu ikiwa imeshapanda ni kuchelewa. Mpangaji naye anaweza kukatia vitu vyake, hata kama mwenye nyumba hajakatia jengo.