Mshumaa Dirishani kwa Waliouawa kwa Njaa

Ndugu zangu mnaonitazama kutoka nyumbani, wakubwa shikamooni. Leo ni Jumamosi ya nne ya Novemba, nami nipo Edmonton, Kanada, mji wenye Waukraine wengi. Jioni hii kila familia yao huweka mshumaa dirishani kuwakumbuka waliokufa katika Holodomor, neno linalobeba maana ya kuuawa kwa njaa.

Kwetu ikitajwa njaa, macho hukimbilia mawinguni. Ile ya Ukraine ya mwaka 1932 na 1933 ilitoka ofisini. Serikali ya Stalin, kiongozi wa Umoja wa Kisovyeti ambao Ukraine ilikuwa sehemu yake, ilikuwa imekwisha kuwasukuma wakulima katika mashamba ya pamoja. Iliwatoza viwango vya nafaka wasivyoweza kuvitimiza, na waliposhindwa, vikosi vilipita nyumba kwa nyumba vikidunga sakafu kwa vyuma virefu kutafuta gunia lililofukiwa, vikaondoka hata na viazi na maharage. Sheria ya tarehe 7 Agosti 1932 ilimhesabu mwokota masuke kuwa mwizi wa mali ya umma, adhabu yake risasi au miaka 10 kifungoni. Watu wakaiita sheria ya masuke matano. Vijiji vilivyoingizwa katika orodha nyeusi vilikatiwa bidhaa zote, chumvi na viberiti vikiwemo. Kisha, tarehe 22 Januari 1933, ikatoka amri ya kuwazuia wakulima kutoka Ukraine kwenda kutafuta chakula kwingine, ilhali nafaka iliendelea kuuzwa nchi za nje. Wanaosingizia mavuno mabaya, nawauliza: tangu lini ukame ukafunga stesheni za reli?

Makadirio mengi ya vifo yanakaribia watu milioni 4. Sensa ya mwaka 1937 ilipofichua pengo hilo, matokeo yake yalifutwa na wasimamizi wake wakakamatwa. Ukimya huo uliendelea; ndiyo maana mnara wa kumbukumbu ulisimamishwa hapa ugenini, mbele ya ukumbi wa jiji, mwaka 1983, wakati ambapo huko Ukraine kwenyewe jambo hilo halikuruhusiwa kutajwa hadharani.

Bibi jirani yangu, ambaye mama yake alinusurika akiwa mtoto, alinikaribisha mchana. Alikata mkate mweusi, akaweka kipande kimoja kando ya mshumaa, kingine akanipa mimi. Makombo yaliyobaki ubaoni aliyabandua kwa ncha ya kidole, moja baada ya jingine, akayala yote kabla hajaketi.