Mzawa Asiye Mzawa: Kampala ya Mira Nair

Asanteni. Naomba nianze na neno letu wenyewe: mzawa. Kisarufi halina utata, ni mtu aliyezaliwa mahali. Lakini waliokuwa Tanzania miaka ya 1990 wanaukumbuka mjadala wa uzawa, yaani nani ahesabiwe mwenyeji wa kupewa kipaumbele katika uchumi, na jinsi Mhindi aliyezaliwa Upanga, Dar es Salaam, kwa baba aliyezaliwa Upanga, alivyojikuta hayumo. Rangi iliishinda sarufi.

Jay, wakili katika filamu ya Mississippi Masala (1991), ni mzawa wa aina hiyo. Mira Nair, aliyeiongoza, alizaliwa India akaenda Marekani kusoma. Filamu inafunguka Kampala mwaka 1972. Idi Amin amewapa Waasia siku 90 wawe wameondoka. Okelo, rafiki aliyekua na Jay kama ndugu, anamtoa rumande kwa hongo. Kisha anamwambia: Afrika ni ya Waafrika. Waafrika weusi.

Sehemu hiyo nimeitazama mara nyingi. Okelo anataka mwenzake asiuawe. Jay anasikia mlango ukifungwa, na anaondoka na kinyongo chake.

Miaka 18 baadaye yuko Greenwood, Mississippi, anaishi kwenye moteli ya jamaa zake, bado anaandika barua kudai mali yake Uganda. Binti yake Mina anampenda Demetrius, kijana mweusi msafisha mazulia. Na Jay, yule yule aliyefukuzwa kwa ajili ya rangi, anakuja juu! Demetrius anamwonyesha ngozi yake: tofauti yetu ni ndogo tu, mzee. Hapa ndipo ninapomvulia Nair kofia. Angeweza kumpamba mkimbizi wake tukamlilia tu, hakufanya hivyo.

Mina hajawahi kukanyaga India. Anajiita masala mchanganyiko, na sisi wapika pilau tunaelewa: bizari ikishatwangwa, nani ataichambua iliki?

Nair mwenyewe, akiitafiti filamu hii Kampala, alikutana na Mahmood Mamdani, msomi aliyefukuzwa mwaka ule ule wa 1972 akarudi. Wakaoana. (Ndiyo, ni wazazi wa Zohran, meya wa New York.) Mwaka 2004 Nair akaanzisha huko Kampala mafunzo ya filamu kwa vijana wetu, akayaita Maisha.

Jay naye, kwenye filamu, anarudi Kampala kwa ajili ya kesi ya mali yake. Anamuulizia Okelo, anaambiwa alishakufa zamani. Kesi anaiacha.

Zimeni taa, tafadhali. Tumsikilize Okelo.