Msiulize nani anawala nyumbu, ulizeni nyumbu wanakula nini mwezi wa tisa

Haya asanteni, kaeni jamani. Mwenyekiti amenipa dakika 40 na mimi nina maneno ya masaa matatu, kwa hiyo salamu tutapeana kwenye chai.

Nianze na swali nililoulizwa hapo mlangoni kabla sijakaa. Kijana mmoja kaniambia mzee, zile video za nyumbu wanavuka Mto Mara, mamba wanadaka, wengine wanakanyagana wanazama, sasa si watakwisha? Hili swali naulizwa kila mahali, Musoma hapa, Mugumu, Arusha, hata kwenye basi. Na kila mara najibu hivyo hivyo, hawatakwisha kwa mamba. Watafiti walihesabu mizoga pale mtoni, wanaozama ni kama 6,000 kwa mwaka kwa wastani. Ukisikia elfu sita unashtuka, ila kundi lenyewe la Serengeti ni zaidi ya milioni moja na laki mbili. Yani katika nyumbu 200 anazama mmoja. Na kila mwezi wa pili kule tambarare za Ndutu, upande wa kusini, wanazaliwa ndama laki kadhaa, wengi wao ndani ya wiki tatu tu, fisi wanakula mpaka wanashiba wanalala na ndama bado wapo.

Tatizo la swali ni kwamba linaanza na kifo. Tunaona mnyama anakufa tunadhani tumeona kinachopunguza idadi. Sio lazima. Kinachotakiwa kuulizwa ni hiki: wakiongezeka, ni kitu gani kinazidi kuwabana? Na wakipungua, ni kitu gani kinawalegezea? Hicho ndo kinashika idadi. Vingine vyote vinaua tu.

Mnaolima mnalijua hili. Ukiweka mbegu tatu shimo moja zote zinaota, zote kijani, unafurahi. Wiki chache baadaye usipopunguzia unapata miche mitatu myembamba na labda hindi moja la maana. Hakuna mdudu aliyekuja hapo, hakuna mbuzi. Wamebanana wenyewe, mmoja anamnyima mwenzake maji na mwanga. Shimo lenye mche mmoja halina hiyo shida. Basi, ukielewa shimo la mahindi umeelewa nusu ya mhadhara wangu, nusu nyingine ni sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe.

Sotoka. Vijana hamuijui na nafurahi hamuijui, kwa sababu 2011 ilitangazwa imetokomezwa dunia nzima. Lakini nisikilizeni vizuri hapa kwa sababu bila sotoka hamtaielewa Serengeti hata mkae juu ya kilima na darubini mwaka mzima.

Ugonjwa huu ulishuka kutoka Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, umekuja na ng'ombe, na kufika 1890, 1891 uko kwa Wamasai. Ng'ombe walikufa sehemu nyingine tisa katika kumi. Wamasai wana neno la miaka ile, Emutai, kufutika. Mwaustria mmoja, Oscar Baumann, alipita Ngorongoro 1892 akakuta watu wamebaki mifupa kwa njaa. Na haikuishia kwa ng'ombe. Nyati walikufa, nyumbu walikufa. Kisha ikakaa, haikuondoka. Kwa zaidi ya miaka 60 ilikuwa inarudi rudi, na kwa nyumbu ilikuwa inachagua. Ndama akizaliwa anakingwa na maziwa ya mama miezi ya kwanza, ile kinga ikiisha, sotoka inamkuta. Kwa hiyo walikuwa wanazaliwa wengi tu, ila wanaofikisha mwaka na kuendelea ni wachache. Mtu angekuja enzi hizo angesema Serengeti ina nyumbu laki mbili na nusu hivi, ndo kawaida yake. Haikuwa kawaida yake hata kidogo.

Sasa hapa ndo panapouma. Wafugaji na serikali ya kikoloni wengi waliamini wanyamapori ndo wanaotunza ugonjwa na kuwapa ng'ombe. Wako waliotaka wanyama wauawe ili mifugo ipone. Kumbe ni kinyume. Miaka ya 1950 ikaanza chanjo ya ng'ombe kuizunguka Serengeti, na kule Muguga, Kenya, daktari wa mifugo Walter Plowright akatengeneza chanjo iliyo bora zaidi, rahisi na salama. Ng'ombe walipochanjwa vya kutosha, ugonjwa ukatoweka kwa nyumbu wenyewe. Hakuna mtu aliyekimbiza nyumbu na sindano! Damu za nyumbu zilipopimwa, waliozaliwa baada ya 1963 hawakuwa na alama kwamba wamewahi kukutana na sotoka. Chanzo kilikuwa zizini, hakikuwa porini.

Na ikawaje? Hesabu ya kutoka kwenye ndege ya 1961 ilitoa nyumbu kama 263,000. Kufika 1977 wako kama milioni 1.4. Miaka 16. Chukueni simu mpige hesabu, ni kama asilimia 11 kila mwaka, yani wanajidabo kila miaka saba. Na nyati nao wakapanda.

Mtu atasema aah mzee, labda ilikuwa mvua nzuri, labda doria ziliongezeka, unajuaje ni sotoka? Swali zuri, na jibu lake analo pundamilia. Pundamilia anakaa na nyumbu hao hao, anakula nyasi hizo hizo, analiwa na simba hao hao, mvua inamnyeshea ile ile. Ila hacheui, na sotoka ni ugonjwa wa wanaocheua. Miaka yote ile pundamilia walibaki pale pale, kama laki mbili. Ingekuwa ni mvua au doria, mbona wao hawakupanda? Napenda sana huu ushahidi, ningeweza kuongea pundamilia peke yake mpaka jioni.

Twende mbele. 1977 wanafika milioni 1.4, na wanasimama. Hapo watu hawaniulizi na ndipo wangetakiwa kuniuliza. Tangu 1961 walikuwa wanajidabo kila miaka saba. Wangeendelea hivyo, 1984 wangekuwa milioni 2.8, 1991 milioni 5.6, na 2019 wangekaribia milioni 90, wakati sensa ya 2022 sisi Watanzania wote na watoto wetu tulikuwa milioni 61 na ushee. Hawakuendelea. Nani aliwasimamisha? Simba wa Serengeti ni elfu chache, na hawawezi kulifuata kundi mwaka mzima kwa sababu wana watoto na wana eneo lao la kulinda, kundi likiondoka simba anabaki na ngiri wake na njaa yake.

Waliosimamisha ni nyasi. Na sio nyasi za masika, masika nyumbu hata wangekuwa milioni mbili wangeshiba. Ni nyasi za kiangazi, mwezi wa nane, wa tisa, wa kumi, wakati kundi limebanwa kaskazini na kilichobaki kijani ni kidogo na kila mdomo ulioongezeka unapunguza tonge la mwenzake. Ni lile shimo la mahindi.

Tunajuaje? Mifupa. Mnaokula supu ya mifupa mnajua uboho mzuri unakuwaje, mweupe, mzito, unateleza. Mnyama akikosa chakula anachoma mafuta ya mgongoni kwanza, kisha ya tumboni, na ya mwisho kabisa ni ya ndani ya mfupa. Ukipasua mfupa wa paja ukakuta uboho mwekundu, maji maji kama jeli, huyo alikuwa amefika mwisho wa akiba. Watafiti walipasua mifupa ya mizoga miaka na miaka. Mwenzetu Mtanzania, Simon Mduma, na wenzake walikusanya kumbukumbu za miaka 40 na kuzichapisha 1999, na kilichoonekana ni kwamba vifo vingi vya nyumbu, kama robo tatu, ni vya utapiamlo. Hata wengine wanaoliwa na simba, ukipasua mfupa unakuta alikuwa anaondoka tu. Simba kamuwahi siku tatu.

Na tena 1993 ukame mkali ulipiga, wakashuka chini ya milioni. Watu walilia. Hakuna aliyewalisha, hakuna aliyeua fisi kuwasaidia, wakapanda wenyewe mpaka zaidi ya milioni, kwa sababu waliobaki kila mmoja alipata tonge kubwa zaidi.

Sasa najua kuna mtu anawaza, kama nyasi ndo zinaamua basi ujangili hauna shida, ukiua mmoja mwenzake anashiba. Hapana hapana. Hiyo fidia ina mwisho. Nafasi aliyoiacha mmoja inajazwa na ndama mmoja wa mwaka unaofuata, ukitoa zaidi ya wanaoweza kurudishwa unakula mtaji. Na waya wa mtego haupasui mfupa kwanza kuangalia uboho, unamkamata mzima mwenye mimba sawa na mgonjwa.

Lakini ukitaka kuwamaliza kweli kweli njia ni nyepesi kuliko mtego. Wachukulie malisho. Ng'ambo huko Narok, Kenya, kuna nyumbu wengine, wa Loita. Miaka ya 1970 walikuwa zaidi ya 100,000. Mwisho wa miaka ya 1990 wamebaki kama 20,000. Simba hawakuzaliana ghafla pale. Sotoka haikurudi. Ni mashamba makubwa ya ngano, matrekta yalilima zile tambarare walizokuwa wanakula na kuzalia masika. Hakuna video ya hilo. Trekta halidaki ndama likazama naye, linageuza udongo tu, na baada ya miaka 20 unahesabu kutoka kwenye ndege unakuta nne katika tano hawapo. Hapo ndo nataka mshtuke nyie, sio kwenye mamba.

Naona saa. Basi haya yanayofuata haraka haraka.

Msitoke hapa mkasema simba hana kazi. Kwa wadogo wanaokaa sehemu moja simba na fisi ndo wanaoshika idadi. Miaka ya 1980 kaskazini mwa Serengeti majangili walitega sumu, simba na fisi wakapotea upande ule, basi swala wadogo wanaoitwa taya, swala pala, ngiri, nyamera wakaongezeka, twiga hakubadilika. Simba waliporudi, wadogo wakashuka tena. Ukubwa wa mwili una maana sana hapo.

Na miti! Nyumbu walipoongezeka walikula nyasi ambazo zamani zilikuwa zinaungua, moto ukapungua, miche ya migunga ikapata nafasi ya kurefuka. Chanjo ya ng'ombe imeotesha miti porini, fikirieni hilo mkifika nyumbani.



La mwisho kwa wenzetu wa jumuiya za watumia maji mliokaa pale kushoto. Huu Mto Mara unaanzia milima ya Mau kule Kenya, unapita Maasai Mara, unapita Serengeti, unamwaga hapa kwetu ziwani. Kiangazi upande ule wa kaskazini ndio mto wa kudumu nyumbu wanaoutegemea. Mkikaa kwenye vikao mtaonyeshwa wastani wa maji kwa mwaka, na wastani utakuwa mzuri, masika yanaubeba. Nyumbu hanywi wastani. Ombeni kipimo cha mwezi wa tisa, na ombeni cha mwaka wa ukame, na kama hakipo msisaini mpaka kipatikane.

Haya, maswali. Tuanze na yule mama anayetaka kuuliza habari za tembo.