Kumtunza paka nyumbani: tuanze na beseni la mchanga

Asalaam aleikum, na wa salamu nyingine, habari zenu. Karibuni uani kwangu, Ngamiani, hapa Tanga. Huyu aliyejilaza juu ya kinu anaitwa Kibua. Jina alilipata siku ya kwanza: nilimkuta Deep Sea, kule samaki wanakoshushwa, kitoto cha kuenea kiganjani, kang'ang'ania kichwa cha kibua kilichokaribia kumzidi yeye mwenyewe. Anayeshika simu ni mtoto wa dada yangu, kwa hiyo picha ikitikisika lawama mpelekeeni yeye.

Sisi watu wa pwani kumpenda paka hatujambo. Wazee walisema paka wa nyumba haingwa, na maji aliyoyanywa paka mtu anatawadhia. Ila tumejizoesha kudhani kwamba anajitunza mwenyewe. Tunamtupia miba, kisha tunaendelea na yetu. Na paka ni msiri mno. Akiumwa halii wala hasemi, anajikunja pembeni tu, wewe unashtuka mambo yameshaharibika. Ndiyo maana leo chakula kitasubiri. Naanza na beseni la mchanga, maana hilo ndilo litakalokupa habari zake kila siku.

Sogeza simu hapa, mwanangu. Hili ni beseni la plastiki, la zamani, ukingo umepasuka. Mimi natumia mchanga wa ujenzi niliouchekecha na kuuanika juani mpaka ukakauka kabisa. Kina chake kiwe vidole vitatu vya kulaza, apate pa kufukia. Fundi seremala akikupa maranda laini nayo yanafaa. Beseni liweke mbali na chakula chake. Wewe mwenyewe huwezi kula chooni, na yeye hawezi. Ukiwa na paka wawili, weka mabeseni mawili, na la tatu likiwepo ni bora zaidi, la sivyo utakuja kulikuta jambo kitandani kwako.

Asubuhi na jioni unachota uchafu na kijiko hiki cha matundu, hiki cha kukaangia kilichostaafu. Mara moja kwa wiki mwaga mchanga wote, osha beseni kwa sabuni ya kawaida na maji, anika. Zile dawa za kuulia vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa ukizitia maji, usizitumie. Paka anakanyaga, analamba nyayo, na ini lake haliziwezi.

Dada mwenye ujauzito, kazi hii mwachie mtu mwingine. Kwenye kinyesi cha paka kunaweza kuwa na vijidudu vya toksoplazma vinavyomdhuru mtoto tumboni. Hakuna haja ya kumfukuza paka, maana mayai ya vijidudu hivyo huchukua siku moja au zaidi kabla hayajaweza kuambukiza. Kikichotwa kila siku, hatari inapungua sana. Kama huna wa kumwachia, vaa glovu na unawe kwa sabuni.

Na unapochota, tazama. Mkojo umeloanisha mabonge mangapi? Choo ni kigumu, ni cha maji, kina damu, kina vitu vyeupe mfano wa punje za mchele? Hivyo vyeupe nitavirudia.

Haya, chakula. Hapa naomba mnivumilie, nina maneno mengi.

Paka ni mla nyama. Mbwa unaweza kumlisha ugali na mabaki akaenda, paka hapana. Mwili wake unahitaji kitu kinachoitwa taurini, na taurini iko kwenye nyama na samaki. Akiikosa muda mrefu, macho yanaharibika na moyo unadhoofika. Kwa hiyo wali au ugali uwe wa kuongezea kidogo tu. Kibua ana kilo nne, na kwa siku anakula kama gramu 200 za samaki na kuku waliopikwa, nusu asubuhi na nusu jioni. Nachanganya makusudi, maana samaki peke yake kila siku hamtoshelezi. Moyo wa kuku ni mzuri sana. Maini mpe kipande kidogo mara moja au mbili kwa wiki, yakizidi yanamletea madhara ya vitamini A. Ukipata chakula cha paka cha dukani na mfuko unaruhusu, kimeshapimwa, utapumzika.

Hawa ni dagaa wakavu. Wengi huchemshwa na chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo naloweka usiku, namwaga maji, nachemsha upya, namwaga tena. Samaki mbichi simpi: wapo samaki wenye kitu kinachoua vitamini B1, na moto unakimaliza hicho kitu. Nachemsha dakika kumi, kisha naketi na kutoa miba. Najua mtasema paka na miba ni ndugu. Mimi nimeshauona mwiba umekwama kwenye koo la paka wa jirani, sitaki tena.

Sasa mpishi wa mchuzi wa nazi, nisikilize. Fungu la paka litoe KABLA hujakaanga vitunguu. Kitunguu maji na kitunguu saumu, viwe vibichi au vimepikwa, vinavunjavunja damu ya paka. Ukishaunga mchuzi ndipo ukakumbuka kumwekea, umechelewa.

Maziwa je? Tanga mji wa maziwa, tena mtindi tunao. Lakini paka mkubwa mara nyingi hawezi kusaga sukari ya maziwa, anaishia kuharisha. Kinywaji chake ni maji. Mimi namwekea kwenye kibakuli cha udongo, maji yanakaa baridi hata joto la Februari, na nakiweka mbali na chakula kwa sababu wengi wao hawapendi viwe pamoja. Ile supu ya samaki isiyo na chumvi namwagia juu ya chakula, anywe bila kujua.

Maji nayasisitiza kwa sababu ya yaliyonikuta. Mwaka jana Kibua aliingia kwenye beseni, akachutama, akatoka. Akarudi. Akachutama tena, analia. Nikasema huyu kafunga choo. Nikampa mafuta ya kula kijiko kizima, najiona tabibu. Jirani, mama wa makamo, tena ananitakia mema, akaniambia mpe nusu kidonge cha panadoli. Sikumpa, alhamdulillahi, maana parasetamoli iliyomo ni sumu kwa paka. Hata kidonge kimoja kinaweza kumuua. Kesho yake nikachota mchanga: mkavu wote. Hakuna bonge hata moja. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ni mkojo.

Paka dume njia yake ya mkojo ni nyembamba, inazibwa na vijiwe au utando. Ikiziba kabisa, sumu inarudi kwenye damu na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Daktari wa mifugo alimlaza, akampitishia mrija, ukatoka mkojo wenye damu. Alipona. Kwa hiyo dume akichutama na hakuna kinachotoka, usingoje asubuhi, usitie mafuta, beba uende. Hali kadhalika akikataa kula siku mbili: mwone daktari, ini la paka halistahimili njaa.

Kubeba, angalieni: kapu hili la ukili, kitambaa chini, khanga juu, funga mashikio. Usimkumbatie kwenye bodaboda. Honi moja tu, hayupo.

Chanjo nitapita haraka. Chanjo ya kichaa cha mbwa, maana paka naye anaupata na anauambukiza, apewe akifika miezi mitatu, halafu irudiwe kwa tarehe daktari atakazokuandikia. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kwa hiyo karibu na siku hiyo ulizia ofisi ya mifugo kama kuna kampeni ya chanjo. Ukiumwa au kuparuzwa na paka usiyemjua, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo.

Kufunga kizazi: jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne tu, anabeba kama siku 64, na anaweza kushika nyingine huku ananyonyesha. Fanyeni hesabu wenyewe, kisha mkumbuke vile viboksi vya vitoto vinavyoachwa sokoni alfajiri. Dume naye ahasiwe, atapunguza kuzurura, kupigana na kunyunyiza mikojo ukutani.

Viroboto sasa. Kitambaa cheupe kilicholowa, chanuo la meno ya karibu, chana kuanzia mgongoni kwenda mkiani. Vumbi jeusi likidondoka kwenye kitambaa na kugeuka wekundu, hicho ni kinyesi cha viroboto, wekundu ni damu ya paka wako. Nunua dawa iliyoandikwa ya paka, kwa uzito wake. Dawa ya kuogeshea ng'ombe au ya mbwa usimpake hata tone. Permethrini na dawa za jamii yake, zilizomo kwenye nyingi ya hizo, zinamtia degedege.

Na zile punje za mchele? Hizo ni vipande vya tegu. Paka anajilamba, anameza kiroboto, kiroboto kina tegu ndani. Ukitibu minyoo ukaacha viroboto, umefanya kazi ya bure. Mkubwa anayewinda apewe dawa ya minyoo kila miezi mitatu, vitoto kwa ratiba ya daktari.

Kidonge anapewaje? Twende. Mfunge kwenye khanga kama mtoto mchanga, kichwa tu nje, makucha yote ndani. Mkono wa kushoto ushike kichwa juu kwenye mashavu, kiinue kidogo, taya la chini litalegea lenyewe. Kidonge kiweke nyuma kabisa ya ulimi, hapo katikati. Funga mdomo, sugua koo taratibu. Akilamba pua, amemeza. Kisha maji kidogo, mililita tano, kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kwa pembeni ya mdomo, maana kidonge kikavu kinaweza kukwama kooni.

Mnaona, kalamba pua. Mtoto mzuri. Namfungua khanga...

Kakitema. Kiko wapi? Chini ya kinu. Haya, mwanangu, usizime simu, lete khanga tuanze upya.