Msumeno wa mpini mrefu: usilipe kabla hujaunyanyua

Habari zenu wadau, karibuni tena. Huu mwembe nyuma yangu ni wa dodo, maembe yameisha, matawi yanalalia bati, sasa ndo wakati wa kuupogoa kabla haujaanza kuchipua upya. Mimi kupanda nimeacha, magoti hayataki, natumia huu msumeno wa mpini mrefu, wa mkono tu, hauna mota. Twende tuone unauchaguaje.

Kwanza kabla hujaenda dukani chukua upembo wa kuangulia maembe, gusa nao tawi la juu kabisa unalotaka kukata, alafu upime. Urefu wako ndo huo, usizidishe. Mi wa kwanza nilinunua wa mita 6 kwa tamaa tu, nikauvuta mpini wote ukarefuka, kule juu unayumba kama mnazi wakati wa kusi, meno yanarukaruka kwenye gome hayakati kitu na shingo ndo inauma. Huu ni wa mita 3 na nusu, ukiweka na kimo changu nafika karibu mita 5, inanitosha.

Pili, ukiwa dukani uvute wote, funga loki zote, uuweke wima meno yakiwa juu alafu vuta chini kwa nguvu kama unakata. Muuzaji akinuna muache anune. Ona hapa, hiki kibonyezo kinaingia kwenye tundu na sauti unaisikia, ta! Hicho hakitelezi. Zile loki za kuzungusha ukaze kwa mkono, vumbi likiingia na jasho likiwepo unakuta mpini unajirudi wenyewe katikati ya kazi.

Sasa msumeno wenyewe. Uwe umepinda kama mundu na meno yawe yanaangalia kwako, maana huu unakata ukivuta, ukisukuma unaurudisha tu. Na hapa mwishoni uwe na kikulabu, ndo kinazuia usichomoke kwenye tawi, na tawi likinasa juu unalivutia nacho. Angalia pia kama umefungwa kwa bolti, ukiisha makali unabadilisha huo tu, mpini unabaki.

Mpini wa alumini ni mwepesi, ila jamani unapitisha umeme. Wa faiba ni mzito kidogo, na ukiwa na unyevu au uchafu nao usiuamini. Waya ukipita karibu na mti hapo hakuna cha mpini gani, waite TANESCO.

Kukata: kaa pembeni, usisimame chini ya tawi, miwani na kofia ngumu vaa. Tawi zito usilikate mara moja shinani, litachana gome mpaka chini. Anza nchani, punguza vipande vipande mpaka kibaki kishina kifupi, ndo umalizie. Sogeza kamera... mnaona huu uvimbe tawi linapotokea? Pita nje yake kidogo, usiuguse, hapo ndipo mti unapojifunikia kidonda. Na tawi likizidi unene wa kifundo cha mkono mi namuachia fundi, kwa mkono utakesha.

Haya naanza na hili la kwenye bati. We mtoto, hebu toa hiyo baiskeli hapo chini kwanza!